Kupanda Kilimanjaro Katika Kundi Dogo: Namna Urafiki wa Njiani Unavyojengwa

Mlima Kilimanjaro, ambao kilele chake cha Uhuru kina kimo cha mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, hupandwa na watu wa mataifa mengi, na walio wengi huupanda katika makundi madogo ya watu wawili hadi kumi, ambao mara nyingi hawajawahi kuonana kabla ya kukutanishwa mjini Moshi au Arusha jioni moja kabla ya safari. Kanuni za hifadhi haziruhusu mtu kupanda bila kiongozi mwenye leseni, kwa hiyo hata anayesafiri bila mwenzake hujikuta yumo ndani ya kundi, na kundi hilo, kwa muda wa siku tano hadi nane, ndilo linalokuwa jamii yake yote: hula nalo, hulala nalo na huumwa kichwa pamoja nalo. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba urafiki wa safari ya namna hii hutegemea mambo yanayoweza kupangwa, na kwamba la kwanza miongoni mwa hayo ni kulielewa kundi kwa upana wake halisi. Wageni wanne wanaopanda Kilimanjaro husindikizwa na watu kumi na kadhaa wanaoongoza, wanaopika na wanaobeba mizigo, na mpandaji asiyewahesabu hawa ndani ya kundi lake hurudi nyumbani akiwa amekutana na sehemu ndogo tu ya watu aliosafiri nao.

Kuhusu idadi ya wageni wenyewe, wanne hadi sita ndiyo inayofaa zaidi, kwa sababu watu wa kiasi hicho huenea kwenye meza moja ya kukunja ndani ya hema la chakula, husikiana bila kupaza sauti, na hawawezi kumaliza siku mbili bila kila mmoja kuzungumza na kila mwenzake. Wakizidi wanane hugawanyika, wenye mwendo wa haraka mbele na wenye mwendo wa taratibu nyuma, na wanaotoka nchi moja huanza kukaa upande mmoja wa meza. Wakiwa wawili tu, hasa mume na mke au marafiki wa siku nyingi, huegemeana wao kwa wao na kufika kileleni wakiwa hawajamjua mtu mwingine yeyote. Anayetafuta kukutana na watu wapya basi na achague kikundi cha wazi, yaani safari ambayo kampuni hutangaza tarehe yake na kila atakaye hujiunga, badala ya safari ya binafsi inayomzungushia watu anaowajua tayari.

Jambo la pili ni idadi ya siku. Safari ya siku tano ni nafuu kwa bei, lakini haimpi mwili muda wa kutosha wa kuzoea kimo, hali ambayo wataalamu wa milima huieleza kuwa ni mwili kujirekebisha taratibu ili uweze kufanya kazi katika hewa yenye msukumo mdogo, ambamo kila pumzi huingiza oksijeni pungufu kuliko ile ya pwani. Siku sita, saba au nane huongeza usalama na huongeza pia mazungumzo, kwa kuwa siku ya kwanza watu huulizana kazi na makwao, siku ya pili hulinganisha viatu na makoti, na ni kuanzia siku ya tatu, wakati kila mmoja amekwisha kuchoka na hakuna tena anayejali anavyoonekana, ndipo maneno yenye uzito huanza kusemwa. Njia nazo hutofautiana. Njia ya Machame hupandwa kwa mahema na hulifungamanisha kundi kwa ndani, ilhali ile ya Marangu, ambayo ndiyo pekee yenye vibanda vya kulala, huwachanganya watu wa makundi mbalimbali. Katika vibanda vya Horombo, vilivyo kwenye kimo cha mita 3,720, wanaopanda na wanaoshuka hulala kituo kimoja na kula katika ukumbi mmoja, na aliyefika kileleni alfajiri ya siku hiyo, midomo imempasuka kwa baridi na macho yamemwiva, huketi benchi moja na mtu atakayejaribu kesho kutwa. Mazungumzo ya ukumbi ule yana manufaa kuliko vitabu vingi vya mwongozo, na mgeni anayepewa siku ya ziada Horombo kwa ajili ya kuzoea kimo atafanya vyema kuitumia jioni yake kusikiliza meza za jirani.

Hata hivyo mahali ambapo uhusiano wote wa safari hupata mwelekeo wake ni langoni, saa mbili au tatu za asubuhi ya siku ya kwanza. Hapo wapagazi, ambao mlimani huitana wagumu, husimama katika foleni mbele ya mizani ya hifadhi, kwa sababu mzigo anaobebeshwa kila mmoja unatakiwa usizidi kilo 20, mbali na vitu vyake binafsi. Mgumu mmoja huinamisha shingo ili wenzake wamtwishe begi la mgeni lililofungwa ndani ya mfuko wa kuzuia mvua. Mgongoni ana kibegi chake chenye blanketi na sweta, na mkononi ameshika trei ya mayai ambayo haina budi kufika kambini ikiwa nzima, baada ya saa tano au sita za kupanda msituni kwenye njia yenye mizizi na utelezi. Mgeni akiliangalia jambo hilo kwa makini, ataelewa kwamba adabu ya safari huanza nyumbani wakati wa kufunga begi, kwani kila jozi ya viatu isiyo ya lazima na kila chupa ya mafuta ya nywele itapandishwa na shingo ya mtu. Begi la kilo 12 linatosha kwa safari yote, na mpandaji anayelifikisha langoni likiwa jepesi hujulikana siku ileile na kutajwa kwa wema jikoni.

Muda mfupi kabla ya hatua ya kwanza, kiongozi mkuu aombwe kuwakusanya wote, wageni na wafanyakazi, wasimame katika duara, kila mmoja ataje jina lake, atokako na kazi yake katika msafara. Viongozi wazuri hufanya hivyo bila kuombwa, ila wengi huwa na haraka ya kuwahi kambi, na ombi la mgeni huwapa sababu ya kutulia. Kazi ni nyingi kuliko zinavyodhaniwa: yupo kiongozi mkuu, wapo viongozi wasaidizi ambao mmoja wao atamshusha mgonjwa ikilazimu, yupo mpishi, yupo mhudumu wa meza anayeleta maji ya moto ya kunawa asubuhi, yupo anayebeba na kusafisha choo, na wapo wabebaji wa mahema ambao humpita mgeni njiani ili akifika akute kila kitu kimesimama. Majina yaandikwe kwenye daftari jioni ya kwanza na yatumiwe kuanzia asubuhi ya pili. Msafiri anayezungumza Kiswahili ana nafasi kubwa hapa kuliko mgeni wa Ulaya au Marekani, na ana wajibu mkubwa zaidi pia, kwa sababu kijana wa Dar es Salaam au Mombasa anayempita kiongozi mwenye umri wa baba yake bila shikamoo, eti kwa kuwa amemlipa, huvunja jambo ambalo mgeni asiyejua lugha asingeweza kulivunja. Kaka, dada, mjomba na mzee ni maneno yanayofanya kazi mlimani kama yafanyavyo mtaani, na anayeyatumia kwa dhati hualikwa upesi jikoni.

Suala la majina lina historia yake katika mlima huu. Tarehe 6 Oktoba 1889, Mjerumani Hans Meyer na Mwaustria Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo, ambacho leo huitwa Uhuru, na kwa miongo mingi vitabu viliwataja hao wawili kana kwamba hapakuwa na wengine. Lakini msafara wao ulitegemea watu wa pwani na watu wa Marangu: Mwini Amani, mtu wa Pangani, alikaa nao katika kambi ya juu akiilinda na kupika kwenye baridi ambayo hakuzaliwa nayo, na Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu anakumbukwa nchini Tanzania kuwa miongoni mwa walioonyesha njia. Kilele chenyewe kilipewa jina la mfalme wa Ujerumani hadi uhuru ulipopatikana, ambapo usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha huko bendera na mwenge, na hadi leo Watanzania wengi huchagua wiki hiyo ya Desemba kupanda pamoja. Ikiwa kumbukumbu za safari iliyoandikwa vitabuni zinaweza kuwaacha nje watu waliopika na kubeba, kumbukumbu za msafiri wa kawaida, ambazo ni picha katika simu na masimulizi ya mezani, zitawaacha kwa wepesi zaidi, isipokuwa pale msafiri anapoamua mapema kutowaacha.

Kutembea kwenyewe hufuata kanuni ya pole pole, na kanuni hiyo, iliyowekwa kwa ajili ya mapafu, inafaa pia kwa mazungumzo. Kiongozi mwenye busara humweka mbele yule aliye mzito kuliko wote, ili mwendo wake uwe mwendo wa kundi zima na asibaki nyuma akihema peke yake kwa aibu; mwenda pole hajikwai, na katika kimo cha mita 4,000 wala haumwi upesi. Katika mwendo huo mtu anaweza kuzungumza sentensi mbili, akanyamaza robo saa, kisha akaendelea alipoishia, na ukimya huo hauwi mzito kwa sababu kila mmoja anajua mwenzake anatafuta pumzi. Inafaa kubadilisha nafasi kila baada ya mapumziko, leo ukatembea nyuma ya mwalimu kutoka Kisumu, kesho mbele ya muuguzi kutoka Uholanzi, na saa moja nzima ya kila siku itengwe kwa kutembea na mmoja wa viongozi wasaidizi, ambao hujua mengi yasiyoulizwa: majina ya ndege na ya lobelia ndefu za nyanda za juu, namna theluji ilivyokuwa wakati walipoanza kazi, na habari za mashamba yao ya migomba na kahawa huko chini. Kuhusu mshahara na matatizo ya nyumbani ni bora kusubiri mwenyewe ayaseme, kwa sababu mtu aliye kazini hana uhuru wa kukataa kujibu swali la mteja wake.

Kundi linapochanganya wanaojua Kiswahili na wasiokijua, anayejua lugha hujikuta mkalimani, na kazi hiyo ni heri kuipokea kwa kiasi. Tafsiri ya salamu, ya masihara na ya simulizi huleta watu karibu, lakini mkalimani asigeuzwe kuwa njia pekee ya wageni kuzungumza na wafanyakazi, kwa kuwa wote wataacha kujitahidi. Wageni wafundishwe majina na salamu na kuomba maji, kisha waachwe wakosee.

Baada ya njia yenyewe, meza ya jioni ndiyo shule ya pili. Saa kumi hivi, baada ya kufika kambini, huletwa chai na bisi katika hema la chakula, na baadaye jioni supu na chakula, na katika vipindi hivyo viwili hakuna sababu ya simu kuwa mezani. Katika misafara mingi kiongozi huja baada ya chakula na kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni, ambacho hupima kiwango cha oksijeni katika damu na mapigo ya moyo, na kumuuliza kila mmoja kuhusu kichwa, tumbo, hamu ya kula na usingizi. Wengi hufanya kosa la kuona aibu mbele ya wenzao na kuficha maumivu, ilhali dalili za ugonjwa wa kimo, ambao ukizidi huweza kujaza maji mapafuni au kuvimbisha ubongo, hazina tiba ya uhakika kuliko kushuka, na kiongozi hawezi kuamua kushusha mtu ikiwa hajui hali yake. Kundi linalozoea kusemana ukweli kuhusu kichwa kinachogonga na kuhara huwa limekwisha kuvuka mpaka ambao marafiki wengi wa mjini hawauvuki kwa miaka. Jioni moja, kwa idhini ya kiongozi na mpishi, wageni waombe kula kile wanachokula wagumu, ugali na mchuzi, jikoni kwao. Ombi hilo litolewe mara moja na kwa heshima, wala lisirudiwe kila siku, kwa sababu jikoni ndipo wafanyakazi hupumzika na kusema wapendavyo, na mgeni wa kila usiku huwanyima nafasi hiyo.

Usiku wa kilele hauna budi kuelezwa kwa kirefu, maana ndio unaojaribu yote yaliyotangulia. Safari huanza karibu na saa sita usiku kutoka kambi ya Barafu kwa wapandao Machame au vibanda vya Kibo kwa wapandao Marangu, ili ukingo wa kasoko ufikiwe wakati wa macheo, na kinachoonekana kwa saa nyingi ni mwanga wa taa ya kichwani ukimulika visigino vya aliye mbele. Chupa za maji huwekwa kichwa chini ndani ya begi, kwa sababu maji huanza kuganda kwa juu, na zikipinduliwa wakati wa kunywa mdomo wa chupa hukutwa haujaziba. Mazungumzo huisha kabisa. Badala yake huja nyimbo za viongozi, mara nyingi “Jambo Bwana”, wimbo uliotolewa na kundi la Them Mushrooms la Kenya mwaka 1982 na ambao mlimani umepewa maneno ya Kilimanjaro, na wageni huitikia kwa pumzi walizo nazo. Katika saa hizo urafiki huonekana katika vitendo vidogo sana: kiongozi msaidizi huvua glavu zake katika baridi iliyo chini ya sifuri, hupiga goti kwenye changarawe na kufunga kamba za kiatu cha mgeni ambaye vidole vyake vimekufa ganzi, kisha huchukua begi lake dogo na kulivaa kifuani, ilhali lake liko mgongoni, na mgeni mwingine, ambaye jana alilalamikia chakula, hummiminia mwenzake nusu ya chai ya tangawizi iliyobaki kwenye chupa ya moto bila kuulizwa. Anayepewa msaada wa namna hiyo asipoteze nguvu kwa kushukuru sana palepale, ila akumbuke nani alifanya nini, kwa sababu asubuhi, jua likiwa limetoka na watu wakikumbatiana mbele ya ubao wa Uhuru, wapiga picha hujisahau na aliyefunga kamba husimama pembeni akishika simu za wengine.

Kwa kuwa si wote hufika, kundi lifanye makubaliano mapema, jioni ya kabla ya usiku huo, kwamba atakayerudishwa atarudi na kiongozi msaidizi bila ubishi, kwamba walio wazima wataendelea bila kuhukumiwa, na kwamba atakayetangulia kambini atapokewa kama mwenye safari kamili. Makubaliano haya yakifanywa chini, kwenye akili iliyotulia, huzuia lawama ambazo zimevunja urafiki wa watu wengi waliopanda pamoja wakiwa ndugu na kushuka bila kusemezana.

Siku ya mwisho huja suala la bakshishi, yaani fedha ambazo wageni huwapa wafanyakazi juu ya malipo ya kampuni, na hapa baadhi ya wasafiri huona haya, wakidhani kwamba fedha huchafua urafiki. Mtazamo huo haufai. Wagumu wapo kazini, bakshishi ni sehemu kubwa ya kipato chao, na heshima ya kweli ni kuilipa kwa uwazi: wageni wakubaliane kiasi kabla ya safari, wakibadili kuwa noti ndogo mjini, na siku ya kuagana wote wakusanyike, kiasi cha kila ngazi ya kazi kitangazwe kwa sauti kwa Kiswahili mbele ya kila mtu, ili mgumu wa mwisho katika foleni ajue alichopewa na asiwe na haja ya kukisia. Mradi wa Kusaidia Wapagazi wa Kilimanjaro, ulioanzishwa mwaka 2003 na unaojulikana kwa kifupi cha KPAP, huhimiza uwazi wa aina hiyo, hufuatilia jinsi kampuni zinavyowatendea wafanyakazi na huwaazima wapagazi makoti na viatu. Mpandaji anayetafuta kampuni na aulize kwanza kuhusu uhusiano wake na mradi huo, maana mtu anayelala kwa njaa katika hema lililojaa kupita kiasi hawezi kutarajiwa awe rafiki wa aliyemkodi.

Baada ya kushuka, urafiki hudumishwa kwa mambo machache yanayotekelezeka. Kikundi cha WhatsApp kifunguliwe kabla watu hawajatawanyika, na viongozi waingizwe humo wakiridhia, si wageni peke yao. Ahadi za viza, za masomo au za kazi ng’ambo zisitolewe kwa furaha ya kileleni, kwa kuwa anayeahidiwa hungoja kwa miaka. Koti au kiatu kinachoachwa kiwe kizima na kikabidhiwe kwa jina. Kiongozi aliyefanya kazi vizuri aandikiwe maneno ya pendekezo yanayomtaja na kueleza alichofanya, kwa sababu maneno hayo humletea kazi ya msimu unaofuata. Mwisho ni picha. Mgumu hupigwa picha nyingi katika mwaka mmoja, akiwa na mzigo, akiimba, akicheka na wageni, na mara nyingi hakuna hata moja inayomfikia, jambo ambalo mtu yeyote mwenye simu anaweza kulirekebisha jioni ileile kabla ya basi kuondoka Moshi. Kila aliyewahi kupanda na akawa bado ana picha hizo, basi amtafute mhusika kupitia kampuni aliyopanda nayo, amtumie.